Benchi la Nje

Barua ya posa ilifika nyumbani Jumatatu,
bahasha ya kaki, na elfu hamsini za kufungulia mlango.
Mama kaiweka chini ya sahani ya halua
isipeperushwe na feni.
Mimi nilikuwa kazini, Chake,
napiga chapa shauri la nne la asubuhi:
mke adai masurufu ya miezi kumi na moja;
mume ajibu kwa simu kwamba yuko Unguja, na salio linamwishia.

Mwaka wa sita huu, meza hii ya mahakama ya kadhi.
Majira nimejifunza kwa njia yangu:
karafuu ikianikwa, watu huoa;
karafuu ikishauzwa, pesa zikayeyuka,
benchi la nje hujaa mabuibui
na watoto waliolala kifudifudi mapajani.

Wengine hata hawadai mahari.
Bikombo wa Kojani alitaka cherehani tu.
"Mengine nimemwachia, Mungu amsamehe.
Cherehani nilinunua kwa pesa ya upatu."
Nikaandika: cherehani, moja, ya miguu, nyeusi.
Alipokwisha kutia dole gumba
akajifuta wino kwenye kanga, akaniuliza,
"Na wewe, mwanangu, umeolewa?"
Nikasema bado.
Akaniombea nipate wa kheri.
Yeye! Pale pale, na wino wa talaka haujamkauka.

Shangazi Mtumwa hana dua, ana hesabu.
"Thelathini na mbili, Ruzuna.
Andazi la jana halina mnunuzi.
Umesoma, umejenga, sasa wangoja malaika?"
Nimejenga msingi, shangazi, na kozi tisa,
kule Machomanne, kila mshahara matofali arobaini.
Usiku nalala nikiyahesabu.
Nikiolewa, itakuwa nyumba ya nani?
Nisipoolewa, nitamfungulia nani mlango?
Hofu mbili hizi hazipatani hata kidogo,
na zote zinalala kitanda kimoja nami.

Siwezi kusema simtaki.
Shaame anafundisha hisabati Wete.
Sauti yake kwenye simu hutua kidogo kabla ya jina langu,
kama mtu avuaye viatu mlangoni.

Juzi, afisi imekwisha watu,
nilifungua fomu ya cheti cha ndoa
nikaandika majina yetu, nione yanakaaje.
Yalikaa vizuri.
Kisha nikafungua fomu ya talaka.
Jina la mume. Jina la mke. Mashahidi.
Hata nukta za kujazia, idadi ile ile.
Nikazima kompyuta bila kuhifadhi.

Nikamwandikia yeye, si wazee wake:
Mahari na kilemba vingoje.
Njoo Alhamisi, keti benchi la nje,
tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri.
Usiseme kitu. Sikiliza.
Ukitoka hapo na bado wataka jibu,
niulize mwenyewe.

Mama akijua atazimia. Mwanamume wa watu
kufunuliwa mashavu kama samaki sokoni!

Alikuja, kanzu imepigwa pasi,
anatabasamu kama mtu aliyeitwa kwenye mzaha.
Dirishani nikaona: saa nne kasogea,
kampisha mwanamke mwenye mapacha.
Saa tano kofia iko mkononi, anaizungusha.
Saa sita kasorobo akainuka, akaenda zake,
na kalamu yangu ikasimama katikati ya neno eda.

Akarudi na chupa mbili za maji.
Akampa mwenye mapacha,
akakaa tena, ukingoni kabisa, nusu mwili hewani.

Maji si kitu. Nimeandika faili nyingi
za waume walioanza na maji.

Adhana ikalia. Kadhi akatoka kwa mlango wa nyuma.
Shaame akasimama kizingitini, amevua viatu,
na hakuna anayevua viatu afisini kwetu.
"Ruzuna," akasema. Kituo safari hii kilikuja baada ya jina.
"Naogopa."

Nikamwambia akae.
Kile kiti kina msumari upande wa kushoto,
nikamwonya.